Mji wa mawe na pango la maji

Ndugu msomaji, mahindi yaliyo shambani kwako yana kwao. Kwao ni Meksiko, nchi iliyo ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Watu wa huko walianza kuyalima miaka kama 9,000 iliyopita. Wareno waliyaleta Afrika katika miaka ya 1500.

Mkonge nao una kwao hukohuko. Katika jimbo la Yucatán kuna bandari ndogo inayoitwa Sisal, na kwa jina hilo mkonge unajulikana duniani. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanganyika yalianza na miche hiyo 62.

Hata dumuzi anayetoboa mahindi ghalani mwako ametoka upande huo wa dunia. Aliingia Tanzania na kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini habari zake tutazigusa baadaye.

Mimi ni bwana shamba. Nilipopata nafasi ya kwenda Meksiko kwa mafunzo ya mahindi, nilitaka sana kufika Yucatán. Wenyeji wa Yucatán ni Wamaya, na Wamaya ni wakulima wa mahindi tangu kale. Mafunzo yalipokwisha tulikwenda watu kumi na wanne, katika basi dogo, pamoja na kiongozi. Tulikuwa na siku moja tu. Basi kaa dirishani, nikutembeze tulikopita.

NCHI ISIYO NA MITO

Tunatoka mji wa Mérida saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Safari ni kilometa kama 120 kwenda mashariki. Ni mwisho wa Aprili, jua ni kali, na mvua haijaanza.

Tazama nje. Nchi ni tambarare kama mkeka. Huoni mlima. Huoni mto, wala kijito, wala daraja. Upande wa kaskazini wa Yucatán hauna mto hata mmoja juu ya ardhi. Je, mvua hainyeshi? Hunyesha, tena nyingi. Lakini ardhi yote ni mwamba wa chokaa, na mwamba huo una matundu. Maji ya mvua huingia chini mara moja, yakapita gizani katika mapango, mpaka baharini.

Mahali pengine dari la pango limeanguka. Hapo panakuwa shimo kubwa lenye maji. Wamaya huliita ts'onot. Wahispania walishindwa kulitamka vizuri, wakasema senote. Ziko senote maelfu katika Yucatán. Miji mingi ya zamani ilijengwa karibu na senote, kama vile vijiji vyetu vinavyofuata kisima au mto.

Sasa tazama udongo. Ni mwembamba sana, na mawe yametokeza kila mahali. Jembe halifai hapa. Mkulima huchukua mti wenye ncha, hutoboa penye udongo kati ya mawe, hutia mbegu, hufukia kwa mguu. Katika shimo moja hutia mahindi na maharage. Kando yake hupanda maboga. Mahindi yanasimama. Maharage yanapanda juu ya mahindi, na mizizi yake inarutubisha udongo. Majani ya maboga yanafunika ardhi, magugu yanakosa nafasi na unyevu haupotei upesi. Shamba la namna hii linaitwa milpa.

Milpa hukatwa msituni, ikachomwa moto, ikalimwa miaka miwili au mitatu, kisha ikaachwa ipumzike. Zamani ilipumzika miaka mingi, mpaka msitu ukarudi. Siku hizi watu ni wengi na ardhi ni ileile. Mapumziko yamekuwa mafupi, na mavuno yamepungua. Jambo hili wewe na mimi tunalifahamu bila kusafiri.

MDOMO WA KISIMA

Saa mbili tunafika Chichén Itzá. Tamka hivi: Chi-chen I-tsa. Maana yake ni mdomoni mwa kisima cha Waitza. Waitza ni ukoo mmoja wa Wamaya. Mji huu ulikuwa na nguvu kati ya mwaka 800 na mwaka 1100 hivi. Tangu mwaka 1988 umo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mahali pa kutunzwa kwa faida ya dunia nzima.

Kiongozi wetu ni mzee mwenye kofia ya majani, Mmaya wa kijiji cha jirani. Anatuambia tukae pamoja, tunywe maji mara kwa mara, na tusiguse mawe. Njia yote ina wauzaji wa vinyago, vitambaa, na filimbi zinazolia kama chui wa huko. Wauzaji ni Wamaya, na mzee anasalimiana nao kwa Kimaya.

Mara miti inakwisha, na mbele yako kuna uwanja mkubwa wa majani. Katikati limesimama jengo la mawe lenye pande nne. Wahispania waliliita Ngome, lakini halikuwa ngome. Lilikuwa hekalu la Kukulcán, nyoka mwenye manyoya. Urefu wake kwenda juu ni mita 30. Kila upande chini una mita 55. Walioujenga mji huu hawakuwa na chuma. Hawakuwa na ng'ombe wala punda wa kubeba. Hawakutumia magurudumu. Kila jiwe lilibebwa na mtu.

Hesabu ngazi pamoja nami. Kila upande una ngazi 91. Pande ni nne. 91 mara 4 ni 364. Ongeza ile moja ya juu, mlangoni pa hekalu. Jumla ni 365, sawa na siku za mwaka. Jengo hili ni kalenda.

Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, mchana na usiku huwa sawa. Siku hizo jua likielekea kushuka, kivuli cha pembe za jengo huangukia ukingo wa ngazi. Kinafanya umbo kama mwili wa nyoka, na chini kabisa pana kichwa cha nyoka cha jiwe. Maelfu ya watu huja kuona. Mimi naliona jambo hili kwa jicho la mkulima. Machi ni wakati wa kumaliza kukata msitu na kungoja siku ya kuchoma. Ukichoma mapema, magugu yanakutangulia. Ukichelewa, mvua ya Mei inakukuta na msitu mbichi. Mtu mwenye kuhesabu siku vizuri alikuwa na chakula.

Mzee anapiga makofi mbele ya ngazi. Sauti inarudi kama mlio wa ndege. Kila mtu anajaribu. Kupanda juu hairuhusiwi sasa, miguu ya watu wengi ilikuwa ikiharibu mawe, na watu walianguka. Ndani ya jengo kuna jengo jingine la zamani zaidi, na ndani ya hilo limo la tatu. Walijenga juu ya kazi ya wazee wao bila kuibomoa.

Kijana mmoja wa kundi letu akauliza, "Mzee, hawa Wamaya walikwenda wapi?"

Mzee akacheka. "Mimi nimesimama mbele yako. Na yule anayekuuzia kofia, je?"

Kweli vitabu vingi husema Wamaya walipotea. Miji yao mikubwa ndiyo iliyoachwa, kwa sababu ya ukame, vita na taabu nyingine. Watu walibaki vijijini na milpa zao. Leo katika rasi ya Yucatán peke yake wanaozungumza Kimaya ni zaidi ya laki saba.

MAANDISHI YALIYONYAMAZA

Hapa naomba utulie kidogo, ndugu uliyejifunza kusoma juzi. Wamaya walikuwa na maandishi yao wenyewe. Waliyachonga juu ya mawe, na waliandika vitabu kwa karatasi ya magome ya miti. Walikuwa na hesabu zao pia. Nukta moja ni 1. Kistari kimoja ni 5. Ganda ni sifuri. Chukua kijiti uchore chini: kistari kimoja, na nukta tatu juu yake. Umeandika 8. Chora vistari viwili na nukta tatu. Umeandika 13. Sifuri waliijua kabla ya nchi nyingi za Ulaya.

Mwaka 1562, katika mji wa Maní, mtawa wa Kihispania aliyeitwa Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto. Alisema vina mambo ya shetani. Watu walilia. Katika vitabu vyote vya Wamaya, leo duniani vimebaki vinne tu, na vitatu kati ya hivyo viko Ulaya. Waliojua kusoma walikufa, na watoto wao hawakufundishwa. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wajukuu walipita mbele ya maandishi ya babu zao bila kuweza kusoma hata neno moja.

Njia ya kuyasoma ilianza kupatikana mwaka 1952. Aliyeionyesha alikuwa Mrusi, Yuri Knorozov, ambaye wakati huo hakuwa amefika Yucatán hata siku moja. Siku hizi wako Wamaya wanaojifunza upya maandishi hayo, nao ni watu wazima, wameketi darasani na kalamu kama wewe.

Uwanja wa mpira tunaupita haraka. Una urefu wa mita 168, na pete za jiwe ziko juu ukutani, mita 6 hivi kutoka chini. Mpira ulikuwa wa utomvu wa mti, na mzito. Wenzangu walipiga picha nyingi hapo. Mimi nilitaka kuona kisima.

Njia pana iliyojengwa kwa mawe inakwenda kaskazini mpaka Senote Takatifu. Simama mbali kidogo na ukingo. Shimo ni duara, upana wake mita kama 60. Kuta zimekwenda chini wima, mita kama 20, na maji yake ni ya kijani kibichi. Hakuna anayeoga hapa. Haya hayakuwa maji ya kunywa. Yalikuwa ya Chac, mungu wa mvua.

Mvua ilipokosa, watu walileta zawadi. Mmarekani Edward Thompson, ambaye alikuwa amenunua shamba lililokuwa na mji huu wote ndani yake, alianza kuchota matope ya kisima mwaka 1904. Alipata dhahabu, mawe ya kijani ya thamani, ubani, na mifupa ya watu. Vitu vingi alivipeleka Marekani, katika nyumba ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Baadhi vimerudishwa Meksiko. Ardhi ya mji huu iliendelea kuwa mali ya mtu binafsi mpaka mwaka 2010, serikali ya jimbo ilipoinunua.

Viongozi wengine wa watalii hupenda kusema kwamba waliotupwa walikuwa wasichana wazuri. Mzee wetu hakusema hivyo, nami nilimheshimu kwa hilo. Mifupa ya kisimani ni ya wanaume, wanawake na watoto. Karibu na hapo, mwaka 1967, lilipatikana shimo jingine lenye mifupa ya watoto. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mifupa ya watoto 64 kati yao. Wote walikuwa wavulana. Wengi walikuwa na umri wa miaka 3 hadi 6. Mapacha wa kufanana walikuwamo, jozi mbili.

Tulisimama kimya. Mtu anaweza kusema hao walikuwa washenzi, akaondoka. Mimi niliwafikiria wazazi wao, na milpa iliyokauka, na ghala tupu. Sikupata la kusema, wala sikulitafuta.

CHAKULA NA CHOKAA

Saa saba tunakula. Katika shimo la moto kuna nyama iliyofungwa kwa majani ya migomba, imepakwa viungo vyekundu na ndimu kali. Ni nyama ya nguruwe, lakini kuku yupo pia kwa asiyekula nguruwe. Pilipili yao ina rangi nzuri ya chungwa. Iogope!

Mimi niliangalia zaidi mikate ya mahindi. Huitwa tortila. Ni myembamba kama chapati, na huokwa juu ya bamba la moto bila mafuta. Nilimwomba mama mpishi anionyeshe anavyoandaa unga. Alinionyesha sufuria. Ndani kulikuwa na mahindi mazima, maji, na chokaa kidogo. Huyachemsha, huyaacha usiku kucha, asubuhi huyaosha mpaka maganda yatoke, ndipo huyasaga yakiwa mabichi.

Kwa nini chokaa? Mahindi yana vitamini moja ambayo imefungwa ndani, tumbo haliwezi kuipata. Chokaa huifungua. Wazungu walipochukua mahindi kwenda Ulaya, walichukua mbegu wakaiacha chokaa. Katika Hispania na Italia, maskini waliokula mahindi matupu walipata ugonjwa wa pelagra. Ngozi hubabuka juani, mtu huhara, akili huchanganyika, mwisho hufa. Ugonjwa huo ulifika hata Marekani. Wamaya na majirani zao, waliokula mahindi kila siku, hawakuupata.

Nasema haya ili ujue. Usiende kuchukua chokaa ya kupakia ukuta ukaitia katika ugali! Chokaa ya chakula ni safi na ina kipimo chake. Kwetu sisi dawa ya pelagra ni kula ugali pamoja na maharage, karanga, samaki, maziwa au nyama. Anayekula ugali na chumvi tu, mwaka mzima, yumo hatarini.

PANGO LA NGURUWE

Sasa basi linakwenda tena mashariki, kilometa kama 45, mpaka karibu na mji wa Valladolid. Hapo kuna kijiji cha Dzitnup, na katika ardhi yake kuna senote ya X'keken. Tamka Sh-ke-ken. Maana yake ni nguruwe. Wanasimulia kwamba mkulima mmoja alipotewa na nguruwe wake wakati wa kiangazi. Nguruwe akarudi amelowa tope. Tope linatoka wapi na nchi yote imekauka? Mkulima akamfuata siku ya pili, akaona anaingia katika tundu chini ya mawe. Ndani mlikuwa na maji.

Ardhi hii ni ya wanakijiji kwa pamoja. Wao ndio wanaopokea kiingilio, wanaofagia, wanaokodisha majaketi ya kuelea. Jambo hilo lilinipendeza kuliko vinyago vyote vya asubuhi.

Kabla ya kuingia ni lazima uoge kwa maji ya bomba. Usipake mafuta. Usipake dawa ya mbu. Mzee anakagua. Kisha unashuka ngazi za mawe, zinateleza, mlango ni wa chini, uinamishe kichwa.

Ndani kuna ukumbi mkubwa kama kanisa. Juu, katikati ya dari, kuna tundu dogo, na mwanga unaingia kama nguzo mpaka majini. Maji ni ya buluu, unaona mawe ya chini. Kutoka darini yananing'inia mawe kama viwele vya ng'ombe, na yanadondosha maji, tone moja moja. Tone hubeba chokaa kidogo. Kwa maelfu ya miaka chokaa hiyo inakuwa jiwe. Mizizi ya miti nayo imetoboa mwamba, imeshuka kama kamba ndefu kutafuta maji. Katika mapango ya namna hii huko Yucatán wamo samaki wasio na macho. Gizani macho hayana kazi.

Maji ni ya baridi baada ya jua lile. Dada mmoja kutoka Malawi hakujua kuogelea. Alikaa ngazini muda mrefu na jaketi lake. Mzee akamshika mkono, akamwambia alale chali kama mtoto mgongoni. Alilala. Akaelea katikati ya ile nguzo ya mwanga, ametazama juu, na hakutaka tena kutoka.

Mafuta ya mwilini yanakatazwa kwa sababu maji haya hayakai. Yanapita chini ya mwamba kwenda kisima kingine, na kijiji kingine. Mwamba wenye matundu hauchuji uchafu. Kinachomwagwa hapa leo kitanywewa mbele. Mbolea, dawa za wadudu, maji ya vyoo, vyote hushuka.

Ndiyo maana watu wa Homún, mji mdogo wenye senote nyingi, walikwenda mahakamani. Palijengwa shamba kubwa la nguruwe karibu 49,000. Kesi ililetwa kwa jina la watoto wa mji, kwa kuwa maji hayo ni ya kwao wakikua. Mwaka 2018 jaji aliamuru shamba lisimamishe kazi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya nchi iliiacha amri hiyo ibaki. Lakini mashamba mengine ya nguruwe yapo, na ugomvi juu ya maji unaendelea.

Saa kumi tunaondoka. Njiani mzee alisimamisha basi penye nyumba ya ndugu yake, mkulima. Mahindi ya mbegu yalikuwa yananing'inia juu ya meko, moshini, katika maganda yake. Nilishika gunzi moja. Maganda yalikuwa yamelifunika mpaka ncha, yamebana kabisa. Maganda ya namna hiyo humchelewesha dumuzi. Huko kwao dumuzi ana adui pia, mdudu mdogo anayekula watoto wake. Katika miaka ya 1990 mdudu huyo aliletwa Togo na Kenya ili asaidie. Lakini ghala safi na mahindi makavu bado ni kazi yako.

Mkulima aliniuliza kwetu mahindi tunayala namna gani. Nikamweleza ugali kwa mikono, kwa kuwa Kihispania changu ni kidogo. Akataka kujua tunaukunjaje. Nikamwonyesha: unakata tonge, unalifinyanga, unalibonyeza kwa kidole gumba, unachotea mboga. Alijaribu kwa tortila, ikapasuka, mchuzi ukamwagika. Watoto wake walicheka mpaka basi likapiga honi.